Jina la Isidoros

Wageni wanaoteremka kutoka Hora, mji wetu wa juu, kwenda ufuko wa Petrousa hufuata mawe meupe, na sijui kama kuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza ni nani anayeyapaka chokaa. Wao ni kutembea tu. Wanakuja na fimbo mbili mbili, miguu minne kama mbuzi, na bado wanateleza. Wakifika chini wanavua viatu wanajitupa baharini. Wakirudi juu wanakaa uwanjani mbele ya kanisa kubwa, wanaagiza kahawa baridi na kuambiana kwamba kisiwa hiki ni pepo. Haya, pepo. Sisi tunaokaa humu tunajua njia ile imemla nani.

Ilimla Isidoros, mume wa Bi Marouso. Na ndiye aliyeifufua. Ilikuwa njia ya punda tangu enzi za mababu, lakini barabara ya bandarini ilipokuja watu waliiacha, miiba ikaifunika, kuta zikalala chini. Isidoros akaanza kuisafisha peke yake, mundu mkononi, jiwe kwa jiwe. Watu walimcheka. "Isidoros, mbuzi wamekushinda, sasa unachunga mawe?" Naye akajibu, "Afadhali mawe, hayali mboga za jirani." Wageni walipoanza kuja, wenye vicheko wakawa wa kwanza kufungua vyumba vya kupangisha, na Isidoros akawa ndiye anayewaongoza wageni hao: asubuhi vichochoro vya Hora, mchana mlimani, alasiri ufukweni.

Alikuwa mtu wa sauti, na mkewe wa sauti zaidi. Chakula kikiiva Bi Marouso alipanda darini akaita, "Isidoroooos!" na Hora nzima ikajua kwamba kwa Marouso dengu zimeiva. Kutoka mgongoni mwa mlima Isidoros aliitikia, na punda nao wakaitikia. Jirani yake Bi Anezina, ambaye ukuta wake na wa Marouso ni mmoja, alikuwa akisema, "Shoga, mpe mumeo filimbi, utanipasua ngoma za masikio." Marouso alicheka akaita tena, makusudi.

Kisha ikaja ile Oktoba ya mvua. Mume na mke wageni waliteremka Petrousa wasirudi, na jioni ikaingia. Isidoros alivaa koti akawafuata. Pale kwenye kona ya Kavos, njia inapopita juu ya bahari, ukingo ulikuwa umelowa na ukamkatikia miguuni. Na wale wageni? Mvuvi aliwachukua ufukweni kwa mashua yake, walikuwa bandarini wakila ngisi wa kukaanga. Walilia mno waliposikia, si watu wabaya. Lakini kilio cha mgeni hupanda meli pamoja naye.

Siku ya maziko Bi Marouso alipiga mayowe kama wapigavyo wajane wetu, na zaidi. Alimtukana Mungu, akamtukana marehemu kwa kumwacha, akaitukana mvua. Alisema mengi kaburini pale, na mengi hakuyakumbuka kesho yake. Maneno ya msiba nani huyapima? Mwanawe wa pekee, Yakumi, kijana ambaye ndevu zilikuwa ndiyo kwanza zinatoka, alikuwa amemshika mabega asije akajitupa shimoni.

Baada ya hapo nyumba ikaingia kimya cha ajabu. Hakuna aliyelitaja tena jina la Isidoros. Yakumi akasema "baba," au akasema "marehemu." Majirani wakasema "yule wako." Padri Zanis pekee ndiye aliyelitaja siku za kuwaombea wafu, tena puani, katikati ya majina ya wafu wa kijiji kizima, nalo likapita kabla hujalikamata. Bi Marouso alidhani wanamhurumia. Alingoja wachoke kumhurumia. Hawakuchoka. Yeye mwenyewe alijaribu siku moja kupanda darini aliite tu, kwa ajili ya kulisikia, akaona aibu: ataitwa mwendawazimu.

Basi kila mwaka kabla ya Pasaka, wanawake wenzake wakipaka chokaa vichochoro vya Hora, yeye alibeba ndoo yake akaenda kupaka mawe ya njia ya Petrousa, na huko, peke yake, kati ya miiba na mbuzi wa watu, alilisema. Isidoros, jiwe hili limelegea. Isidoros, mwanao amepata kazi kwenye karakana ya meli huko Pirea. Isidoros, ameoa, mke anaitwa Evdokia, mzuri, mwembamba kidogo. Lakini jina unalolisema mwenyewe halikukati kiu. Alitaka kulisikia kinywani mwa mtu mwingine, na mtu mwingine aitikie.

Halafu Evdokia akazaa mtoto wa kiume.

Kwetu hili halina mjadala. Mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu yake mzaa baba. Tunasema amemfufua. Na kabla ya ubatizo hana jina. Wa kiume tunamwita Joka tu, akalia Joka, akanyonya Joka, mpaka padri aulize na baba wa ubatizo ajibu. Kuuliza jina mapema ni mkosi, tena ni utovu wa adabu. Mkwe anayeuliza anaonekana hamwamini mwanawe. Bi Marouso asingeuliza hata kwa kisu shingoni.

"Joka wangu anakula?" aliuliza kwenye simu.

"Anakula mpaka ngumi zake, mama," Yakumi alisema.

"Analia?"

"Anapaaza sauti, mama! Majirani wanagonga ukuta."

Bi Marouso akafumba macho. Sauti hiyo aliijua imetoka wapi. Ndipo akaomba: mtoto asibatizwe Pirea wala kanisa kubwa la Hora. Abatizwe Petrousa, kwenye kikanisa cha ufukweni ambacho paa lake marehemu alilijenga upya. Yakumi akasema, taratibu, "Sawa, mama. Petrousa. Nimekuelewa."

Bi Marouso alikata simu akazunguka jikoni mwake peke yake kama bibi harusi. Amenielewa! Siku ile ile alinunua kitambaa kizuri cheupe, akaanza kukitarizi kwa uzi wa samawati, taulo la kumpokelea mtoto akitoka kwenye maji. Pembeni akalitarizi jina lote, herufi kwa herufi, na hakumwonyesha mtu ila Bi Anezina, ambaye hafichwi kitu kwa sababu ya ule ukuta mmoja.

Asubuhi ya ubatizo, mwezi Agosti, tulikusanyika uwanjani. Bi Anezina akamtazama Marouso kuanzia juu mpaka chini. "Viatu hivyo shoga ni vya mlima au vya harusi?"

"Vya harusi. Una la kusema?"

"Sina. Nitakubeba ukivunjika." Kisha akashusha sauti. "Kile cha buluu umekichukua?"

Bi Marouso akapapasa kikapu chake. Ndani mlikuwa na taulo, limefungwa kwenye karatasi, na kitambaa cha kichwa cha buluu alichovaa mara ya mwisho mumewe akiwa hai. Alikuwa ameapa: atavaa cheusi mpaka jina litakapoitwa, na likiitwa tu, atakivua pale pale.

"Ukichelewa kukivua nakivua mimi," alisema Anezina. "Miaka saba natazama kichwa chako kama chungu kilichoungua."

Tukaondoka. Yakumi mbele, Evdokia amemfunga mtoto kifuani, na Stelios, baba wa ubatizo, rafiki ya Yakumi kutoka Athene, amevaa viatu vinavyong'aa kama sahani. Kabla hatujavuka zizi la kwanza alikuwa ameshaanguka mara mbili.

"Baba wa ubatizo," Bi Anezina akamwambia, "mtoto tumemleta kubatizwa, wewe unasujudia nani?"

"Njia yenu hii, mama, ina ugomvi na mimi."

"Haina ugomvi na mtu. Fuata mawe meupe. Yamepakwa na huyu hapa."

Bi Marouso alicheka, na tukastaajabu, maana kicheko kile tulikuwa tumekisahau. Aliteremka kama msichana. Alimwonyesha mkwewe ukuta ambao marehemu aliujenga kwa majira mazima ya baridi, akachuma tawi la zaatari akamnusisha mtoto. Tulipofika kona ya Kavos tukapiga wote ishara ya msalaba. Yakumi akaushika mkono wa mama yake akaubana sana. Bi Marouso naye akambana. Usiseme, mwanangu, aliwaza. Utalisema leo mbele ya Mungu.

Petrousa ufuko ulikuwa umejaa wageni, wengine kama walivyozaliwa. Walipomwona Padri Zanis na ndevu zake wakaanza kurukia mataulo. Padri alipita akitazama mbele kana kwamba haoni kitu, lakini kwenye jiwe la mwisho alijikwaa, na Bi Anezina akasema, "Macho ya padri nayo yameumbwa na Mungu."

Kikanisa kile ni kidogo kama tanuri la mkate. Wanaingia padri, baba wa ubatizo, mtoto na beseni, basi. Sisi wengine tunakaa nje chini ya kivuli cha ukuta, na watoto wa kijiji wanabanana mlangoni, kwa sababu atakayeleta jina kwanza kwa bibi anapewa zawadi. Bi Marouso alikaa kwenye jiwe, sarafu za euro mkononi, kikapu mapajani. Kutoka ndani tulisikia maji yakimwagwa, mtoto akipiga kelele, kelele za kweli, za mtu mwenye mapafu. Bi Marouso akamtazama Anezina kama anayesema, unasikia?

Kisha padri akauliza. Hatukusikia Stelios alijibu nini, maana mtoto alikuwa analia. Tukaona tu watoto wakichomoka mlangoni kama mbuzi waliofunguliwa zizi, wakitimua mchanga, na wa mbele ni msichana wa mwoka mikate, miguu mitupu, anapiga kelele:

"Orestis! Orestis! Bi Marouso, anaitwa Orestis!"

Kulikuwa na wanawake wazee pale, wakatazamana. Orestis wa nani? Kwa baba yake Evdokia hakuna Orestis. Kwetu hakuna. Lilikuwa jina lisilo na mwenyewe, zuri tu, la kisasa.

Bi Marouso alikuwa ameshafungua mdomo. Alikaa hivyo, kinywa wazi, kama mtu aliyenyooshewa kijiko kisha kikarudishwa. Yule msichana alisimama mbele yake anahema, mkono mbele. "Bi Marouso? Nimefika wa kwanza."

"Umefika, mwanangu." Akampa sarafu zote, hata hakuangalia. "Orestis. Na aishi. Awaishie wazazi wake."

"Marouso," alinong'ona Anezina.

"Nyamaza."

"Nitamwuliza mimi. Haki ya Mungu nitamwuliza huyu mtoto asiye na adabu, jina la baba yake amelitupa wapi."

"Anezina, ukimwambia neno lolote tusizikane."

Anezina akafunga mdomo. Ule ukuta wao mmoja haujawahi kusikia Marouso akisema hivyo.

Jina likishatamkwa majini limekwisha. Hakuna padri wa kulirudisha. Mtoto ameshapakwa mafuta matakatifu, ameandikwa mbinguni, ni Orestis mpaka siku ya mwisho. Na Evdokia hakupata mtoto kirahisi, daktari alishawaambia asithubutu tena. Bi Marouso aliyajua yote hayo akiwa amekaa pale juu ya jiwe, na jua likimpiga, na baharini mgeni mmoja akicheka kwa sauti.

Yakumi akaja. Alikuwa amejawa na furaha na hofu pamoja, kama alivyokuwa mdogo akileta daftari la shule. Akapiga magoti mchangani mbele ya mama yake.

"Mama. Umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu."

"Nimefanya ulivyotaka." Akashika ukingo wa kikapu. "Evdokia alilitaka la baba. Stelios naye alilitaka, alinigombeza. Nikawaambia haiwezekani, mama yangu aliapa kaburini. Nilikuwa nimekushika, mama, ulisemea sikioni kwangu. Jina hili lisitajwe tena nyumbani mwangu, ulisema. Atakayelitaja ananizika na mimi. Mpaka leo sijalitaja, hata nikiwa peke yangu."

Bi Marouso alimtazama. Alitafuta kichwani mwake siku ile, akakuta mvua, akakuta udongo, akakuta mikono ya mtu mabegani mwake. Maneno hakuyakuta. Lakini yalikuwa yake, aliyatambua, yalikuwa na hasira yake.

"Ulipotaka Petrousa nikajua," Yakumi akaendelea. "Nikasema, mama anataka kufanya amani na mahali hapa, nami nisije nikaiharibu kwa jina lile. Mungu anajua nililitaka. Alipozaliwa tu, lilinijia mdomoni nikalimeza. Nilimeza kwa ajili yako, mama. Nimekosea?"

Hapo ndipo ilipokuwa njia panda. Angeweza kusema ndiyo, umekosea, mwanangu, tumekosea sote, mimi kwanza. Angeweza kulia mbele ya watu wote. Na Yakumi angerudi Pirea akiwa amebeba jambo lile mpaka kufa kwake, na kila akimwita mwanawe ale, angesikia jina jingine chini yake.

"Hujakosea," alisema Bi Marouso. "Umefanya vizuri sana. Umemheshimu mama yako."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Nani kakufundisha akili hizi?"

Yakumi akacheka, machozi yanamtoka, akaficha uso kwenye mapaja ya mama yake, juu ya kikapu, juu ya taulo. Sisi tuliokuwa karibu tulimwona Bi Marouso akiinua mikono kichwani, akafungua fundo, akavua kitambaa cheusi. Nywele zilikuwa nyeupe zote, hatukujua. Akatoa kile cha buluu akajifunga. Watu wakapiga makofi. "Bi Marouso kavua msiba! Orestis na aishi!" Fidla tuliyokuja nayo ikaanza. Bi Anezina pekee ndiye aliyegeukia ukuta, akawa anaupangusa ukuta wa kanisa kwa kiganja, sijui anapangusa nini.

Upepo wa Agosti ukainuka ghafla kama kawaida yake. Evdokia akampokea mtoto mlangoni mwa kanisa akaja naye mikononi, amelowa, analia, taulo la baba wa ubatizo limeshaloa chapachapa.

"Mama mkwe, mna kitu kikavu kwenye kikapu? Chochote tu, anatetemeka."

Mkono wa Bi Marouso ulikuwa juu ya karatasi. Ungefunguka tu, ile samawati ingeonekana, na Evdokia anajua kusoma.

"Sina, mwanangu," alisema. "Nimekuja na mikate tu." Akakivua kile cha buluu, kingali na joto la kichwa chake, akamfungia mtoto, akamkaza vizuri, miguu kwanza. Mtoto akanyamaza. Akamtazama bibi yake kwa macho makubwa.

Tulikula, tulicheza mchangani, wageni nao wakajiunga, Stelios akacheza peku na akawa hajaanguka hata mara moja. Jua lilipopungua ukali tukaanza kupanda. Upepo ulikuwa mkali mlimani, na mwanamke mzee hawezi kwenda kichwa wazi. Bi Marouso akakitoa kile cheusi kikapuni akajifunga tena. "Ni kwa ajili ya upepo tu," alimwambia mwanawe, na Yakumi akaamini.

Kwenye kona ya Kavos Yakumi alimngojea, mtoto amelala begani kwake ndani ya kitambaa cha buluu. Akapiga ishara ya msalaba. Alitazama chini baharini, kisha akamtazama mama yake, na midomo yake ikafunguka, ikafungwa. Alitabasamu, kama mtu aliyeshika ahadi yake mpaka mwisho.

Bi Marouso alisubiri kidogo. Pengine bila kukusudia. Pengine litamtoka.

"Twende, mwanangu," alisema mwishowe. "Mtoto atapata baridi."

Pasaka iliyofuata hakuonekana na ndoo yake. Tulipouliza alisema magoti yanamsumbua, tukamtuma mwoka mikate apake mawe badala yake, naye hana jina la kuyaambia.